Daktari Taha Hussein na Safari Yake ya Kutafuta Elimu ya Taarikhi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake.

Amma baada ya hayo. Kila mwaka vijana wetu kadha wa kadha humaliza masomo yao ya kwanza katika vyuo vikuu, na wachache miongoni mwao hutamani kuendelea mpaka daraja za juu katika elimu ya taarikhi, khasa taarikhi ya zile karne za kati ambazo Waislamu walikuwa mbele ya ulimwengu kwa elimu na kwa utawala. Hapo ndipo mabishano huzuka majumbani. Mzee husema kuwa kumpeleka kijana akasome khabari za Waislamu mbele ya mwalimu asiyeamini ni kuitia imani yake hatarini. Kijana naye hujibu kuwa mambo ya chuoni na darsa za msikitini yamepitwa na wakati, na kwamba elimu ya kweli iko ng'ambo. Sisi twaona kuwa wote wawili wameshika upande mmoja wa jambo na kuuacha wa pili. Na badala ya kuwatungia hoja, tumependelea kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyeanza kwa ubao wa chuoni kijijini kwao akafika chuo kikuu cha Paris, akapatia katika mengi na akateleza katika moja kubwa. Mtu huyo ni Daktari Taha Hussein wa Misri.

UTOTO WAKE

Taha Hussein alizaliwa mwezi wa Novemba 1889 katika kijiji cha Izbat al-Kilu, karibu na mji wa Maghagha, katika jimbo la Minya, Misri ya juu. Baba yake alikuwa mtumishi mdogo katika shirika la sukari, mwenye watoto 13, na Taha alikuwa wa saba wao. Hakuzaliwa kipofu. Alipokuwa mtoto mdogo sana aliugua macho, akaachwa siku kadha bila ya kutazamwa, kisha akaitwa kinyozi wa kijijini amtibu. Dawa ya kinyozi yule ndiyo iliyoizima nuru ya macho yake. Basi yafaa msomaji akumbuke tangu mwanzo kuwa upofu wa mtu huyu ulitokana na ujinga wa watu waliokuwa wakimpenda. Wala yeye mwenyewe hakulisahau jambo hilo maisha yake yote, kama tutakavyoona mbele.

Yeye mwenyewe amesimulia katika kitabu chake al-Ayyam, kilichotoka kuwa kitabu mwaka 1929, kisa cha chakula ambacho kila asomaye humchoma moyo. Siku moja walikuwa wakila pamoja, akafikiri ingekuwaje akilichukua tonge kwa mikono miwili badala ya mmoja. Akafanya hivyo. Ndugu zake wakacheka, mama yake akalia, na baba yake akamfundisha kwa upole na huzuni namna ya kushika chakula. Tangu siku ile mtoto yule alijiharimishia vyakula vingi alivyochelea kuvimwaga mbele za watu, na kwa muda mrefu akapendelea kula peke yake. Baadaye, alipokuwa mkubwa, alikuja kusoma khabari za mshairi Abu al-Ala al-Maarri, naye kipofu, ambaye hakutaka hata mtumishi wake amuone akila, akamuelewa mara moja. Tutarejea kwa mshairi huyo, kwani ndiye aliyemfungulia mlango wa elimu ya juu.

Chuoni alihifadhi Qur'ani yote kabla ya kutimiza miaka tisa, na watu wa nyumbani wakaanza kumwita sheikh, ijapokuwa kilemba kilikuwa kikubwa kuliko kichwa. Lakini yeye na mwalimu wake wakaghafilika, hata siku baba yake alipomtaka asome mbele ya wageni, akakwama mwanzo wa sura. Ilikuwa fedheha kubwa kwake na kwa mwalimu. Akarudi kuhifadhi upya. Kisha akahifadhi Alfiyya ya Ibn Malik katika nahau, ili awe tayari kwenda Azhar. Hivyo ndivyo alivyojengwa: kwa kuhifadhi, kwa kusahau, na kwa kurudi tena kuhifadhi. Na mtu ambaye vitabu vyake vyote huingia kwa sikio, hifadhi ndiyo kabati lake la vitabu.

AZHAR

Mwaka 1902 alipelekwa Kairo pamoja na kaka yake aliyekuwa akisoma Azhar. Walipanga chumba katika nyumba ya wapangaji wengi, na kaka yake alipotoka usiku kwenda kudurusu na wenzake, mtoto yule alibaki peke yake kizani, haoni wala hana wa kusema naye, akisikiliza sauti za wadudu ukutani. Alivumilia hivyo mpaka mtoto wa khalati yake alipoletwa kutoka kijijini awe mwenziwe na kiongozi wake wa njia.

Alipofika Azhar, Sheikh Muhammad Abduh alikuwa bado yu hai, na wanafunzi wake walikuwa wakitaka masomo yatengenezwe na akili iamshwe. Sheikh huyo alifariki mwaka 1905. Wasomaji wetu wamjua vizuri, kwani fikra zake zilifika mpaka pwani yetu hii kwa gazeti la al-Manar la mwanafunzi wake, Sayyid Rashid Rida, na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, alikuwa miongoni mwa waliozichukua na kuzieneza. Basi Taha Hussein, kwa asili yake, ni mtoto wa nyumba ile ile ya islahi.

Mwalimu aliyemuathiri zaidi alikuwa Sheikh Sayyid al-Marsafi, aliyesomesha vitabu vya adabu ya Kiarabu vya kale. Sheikh huyu hakutosheka na hashiya na sharhi. Alilishika shairi lenyewe, akalipima neno kwa neno, akauliza limesemwa na nani na limepokewa vipi. Taha na wenzake wakaingiwa na ujasiri, wakawa wakitoa rai zao hadharani. Siku moja walisema neno juu ya jambo lililotajwa katika kitabu cha al-Kamil cha al-Mubarrad kuhusu al-Hajjaj, wakashtakiwa mbele ya Sheikh Mkuu wa Azhar, na darsa ile ikasimamishwa. Tangu hapo mambo baina yake na baadhi ya masheikh hayakutengenea, na mwisho wake alitoka Azhar bila ya kupewa shahada ya uanachuoni.

Sisi hatulisemi hili ili kuitukana Azhar, kwani Azhar ndiyo iliyompa lugha, na lugha ndiyo iliyokuwa rasilimali yake mpaka kufa. Twalisema ili ionekane kuwa mwanafunzi mwenye maswali, akifungiwa mlango wa nyumbani, hatakaa kizingitini. Ataondoka kutafuta mlango mwengine.

CHUO KIKUU CHA MISRI

Mlango huo ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Mwezi wa Desemba 1908 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Misri, kwa michango ya watu, na rais wake wa kwanza alikuwa Amiri Ahmad Fuad, aliyekuja baadaye kuwa mfalme. Taha alikwenda huko na kilemba chake. Walimu walikuwa wa aina mbili. Walikuwako wanavyuoni wa Kimisri, na walikuwako Wazungu waliojifunza Kiarabu na elimu za Mashariki: Carlo Nallino na David Santillana kutoka Italia, na Enno Littmann kutoka Ujerumani. Kwao alisikia jambo jipya. Nallino alisomesha adabu ya Kiarabu kwa kuifungamanisha na zama zake: nani alikuwa akitawala, watu walikuwa wakiishi vipi, na kwa nini shairi hili lilisemwa wakati huu na si wakati mwengine. Yaani adabu iligeuka kuwa sehemu ya taarikhi.

Basi alipotaka kuandika risala ya udaktari, alimchagua Abu al-Ala al-Maarri, aliyezaliwa mwaka 973 katika mji wa Maarrat al-Numan huko Sham, akapofuka kwa ndui alipokuwa mtoto, na akafariki mwaka 1057. Hakumuandika kwa kumsifu tu wala kwa kumlaani tu, kama walivyokuwa wamezoea watu. Alianza kwa kuieleza zama ile, udhaifu wa ukhalifa wa Baghdad na vita vya Sham, kisha mji, kisha ukoo, kisha mtu mwenyewe, kisha mashairi yake na fikra zake. Mwezi wa Mei 1914 aliitetea risala hiyo mbele ya walimu na mbele ya watu wengi, akawa mtu wa kwanza kupata udaktari katika chuo kile.

Hata hapo hakusalimika na maneno. Mjumbe mmoja wa Baraza la Kutunga Sheria alitaka chuo kikuu kikatiwe msaada wa serikali, kwa kuwa kimemtoa mtu mwenye risala ya namna ile. Saad Zaghlul, aliyekuwa naibu rais wa Baraza, ndiye aliyemshawishi mjumbe yule aliondoe ombi lake.

UFARANSA

Chuo kikuu kikakubali kumpeleka Ufaransa. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimeanza mwaka huo huo, basi badala ya Paris akapelekwa Montpellier, mji wa kusini. Hajakaa hata mwaka, chuo kikapungukiwa na fedha, wanafunzi wakarejeshwa Misri. Alikaa Kairo miezi michache kwa dhiki kubwa, kisha fedha zikapatikana, akarudi, na safari hii akaenda Paris, katika chuo cha Sorbonne.

Yatupasa tueleze vizuri alichokikuta huko, kwani vijana wetu wengi hudhani kuwa masomo ya juu ya taarikhi ni kuhifadhi majina ya wafalme zaidi kuliko waliyohifadhi wenziwao. Sivyo. Kwanza alitakiwa ajue Kilatini, kwa kuwa pasina lugha hiyo hapewi shahada ya kwanza ya Adabu hapo Sorbonne. Yeye, mtu mzima na kipofu, mwenye Kifaransa cha juzi tu, akakaa kujifunza Kilatini tangu mwanzo. Pili, alitakiwa asikilize walimu wa mambo mbali mbali: Gustave Bloch katika taarikhi ya Roma, Glotz katika taarikhi ya Wayunani, Seignobos katika njia ya kuandika taarikhi, na Durkheim katika elimu ya mujtamaa. Tatu, na hili ndilo kubwa, alitakiwa kila analolisema alirejeze kwenye asili yake, yaani kwenye maandishi ya watu wa zama zile wenyewe, si kwenye kitabu kilichonukuu kitabu kilichonukuu kitabu.

Sasa, ewe msomaji, hebu fikiri. Je, jambo hili ni geni kwetu? Wanavyuoni wa Hadithi walikuwa wakiuliza maswali haya haya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita: nani aliyesema, amesikia kwa nani, je, walikutana, je, ni mkweli, je, hifadhi yake ni nzuri, je, ana haja yake katika khabari hiyo? Kwa khabari moja tu walisafiri mwezi mzima. Mzungu wa Sorbonne alipomwambia Taha Hussein atafute asili na ampime mpokezi, alikuwa akimwambia jambo ambalo babu zake walilifanya. Tofauti ni kuwa wale walikuwa wakilifanya, na sisi tulikuwa tukilihifadhi tu kuwa lilifanywa.

Kuhusu kusoma, alikuwa hana budi na wa kumsomea. Huko Montpellier alikutana na msichana wa Kifaransa, Suzanne Bresseau, aliyekuwa akimsomea vitabu kwa sauti, na ambaye baadaye alimsaidia sana Paris. Walioana mwezi wa Agosti 1917. Alikuwa Mkristo, na sharia yetu kama ijulikanavyo haimkatazi Muislamu kuoa katika Watu wa Kitabu. Walikaa pamoja miaka 56 mpaka mauti yalipowatenga, na Taha hakuacha kusema kuwa yeye ndiye aliyekuwa macho yake.

Risala yake ya udaktari huko Sorbonne ilikuwa juu ya Ibn Khaldun na falsafa yake ya mujtamaa. Hapa pana ajabu ya kuzingatiwa. Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332, akaandika Muqaddima yake mwaka 1377 katika ngome ya Ibn Salama huko Aljeria, akafariki Kairo mwaka 1406 akiwa kadhi wa Kimaliki, na katika Azhar yenyewe aliwahi kusomesha. Na mwanafunzi wa Azhar alibidi avuke bahari ili akamsome kwa Kifaransa! Durkheim ndiye aliyekuwa akimuongoza katika kazi hiyo, pamoja na Casanova aliyekuwa mjuzi wa Kiarabu. Durkheim alifariki Novemba 1917 kabla kazi haijamalizika mbele ya walimu, na mahali pake pakashikwa na Bouglé. Mwanzoni mwa 1918 Taha alipata udaktari wake.

Katika risala hiyo hakumpamba Ibn Khaldun. Alimpa haki yake kwa kuona kuwa taarikhi si masimulizi tu, bali ina sababu zake na kanuni zake. Lakini akakataa kumwita mwanzilishi wa elimu ya mujtamaa kwa maana ya sasa, akidai kuwa alichokichunguza khasa ni dola, kuinuka kwake na kuanguka kwake, na dola ni sehemu tu ya maisha ya watu. Wako waliomlaumu kwa rai hiyo, na kwa kumsema Ibn Khaldun kuwa alijipenda mno. Sisi pia hatukubaliani naye katika yote. Walakini, twaona uzuri wa jambo moja: mwanafunzi hakukubali kumgeuza mwanachuoni mkubwa kuwa sanamu la kujifakharishia mbele ya Wazungu. Kumsoma mtu ni kumheshimu zaidi kuliko kumtaja tu kwenye hotuba. Risala hiyo ilifasiriwa kwa Kiarabu na Muhammad Abdullah Inan mwaka 1925.

Hata baada ya udaktari hakurudi nyumbani. Alibaki kutafuta stashahada ya masomo ya juu katika taarikhi, akaandika chini ya Gustave Bloch juu ya mashtaka ya kuvunja heshima ya dola katika Roma, zama za Kaisari Tiberius, kama yalivyoelezwa na Tacitus. Kilatini alichokianza akiwa mtu mzima sasa kilikuwa chombo chake cha kazi. Akarudi Misri mwaka 1919, akawa mwalimu wa taarikhi ya kale.

KITABU KILICHOLETA MTAFARUKU

Mwaka 1925 chuo kikuu kilichukuliwa na serikali, naye akahamishiwa katika adabu ya Kiarabu. Mwaka uliofuata, 1926, alitoa kitabu chake juu ya mashairi ya zama za Jahiliya, na moto ukawaka. Alidai kuwa sehemu kubwa ya mashairi yanayonasibishwa na zama hizo yalitungwa baada ya Uislamu, kwa sababu za siasa, ukabila, na visa vya wasimulizi. Mwaka mmoja kabla, Mwingereza Margoliouth alikuwa ameandika rai inayokaribiana na hiyo.

Lau angekomea hapo, pengine ingekuwa bahasi ya wajuzi. Kwani wanavyuoni wetu wa kale walijua kuwa yako mashairi ya kubuni, na Ibn Sallam al-Jumahi, wa karne ya tatu ya Hijra, aliandika wazi juu ya jambo hilo na kuwataja wapokezi wasioaminika. Lakini Taha Hussein alivuka mpaka. Aliandika maneno yenye maana ya kwamba kutajwa kwa Nabii Ibrahim na Nabii Ismail katika Taurati na Qur'ani hakutoshi, peke yake, kuthibitisha kuwako kwao kitaarikhi. Neno hili liliwachoma Waislamu, na haki yao kuchomeka.

Sisi twasema kuwa hapa aliteleza, na kuteleza kwake kuna funzo kwa kila mwenye kusoma taarikhi. Yeye aliichukua shaka, ambayo ni chombo cha kuchunguzia, akaifanya ni hukumu. Kukosa khati iliyochongwa kwenye jiwe si dalili ya kuwa jambo halikuwa, kwani mambo mangapi ya kweli yamepita na hakuna aliyeyachonga? Shaka ya mwenye elimu ina pa kuanzia na pa kukomea. Aliyeisahau mipaka hiyo hana tofauti kubwa na yule anayekubali kila khabari: huyu kaamini bila ya kupima, na yule kakataa bila ya kupima.

Lakini lenye funzo zaidi kuliko kosa lenyewe ni namna lilivyojibiwa. Wako waliotaka afukuzwe, na wako waliomshtaki serikalini. Mwendesha mashtaka, Muhammad Nur, alikisoma kitabu, akamhoji mwandishi, akazichambua hoja zake moja moja na kumlaumu katika nyingi, kisha mwezi wa Machi 1927 akaamua kuwa hapana nia ya jinai, akaifunga kesi. Na wako waliokaa kitako wakaandika. Mustafa Sadiq al-Rafii aliandika, Muhammad Farid Wajdi aliandika, na Sheikh Muhammad al-Khidr Husayn, mwanachuoni wa asili ya Tunisia, alitunga kitabu kizima akimfuata Taha rai kwa rai na ushahidi kwa ushahidi. Sheikh huyu ndiye aliyekuja kuwa Sheikh Mkuu wa Azhar mwaka 1952.

Basi tazameni yaliyobaki. Kelele za barabarani zimesahauliwa, bali kitabu cha Sheikh al-Khidr chasomwa mpaka leo na kila mwenye kutaka kuijua bahasi ile. Na Taha Hussein mwenyewe alikitoa kitabu chake upya mwaka 1927 kwa jina jengine, akaiondoa ile sehemu iliyowaudhi watu na kuongeza milango mengine. Elimu hujibiwa kwa elimu. Mwenye kumjibu mtu kwa kumtukana amemuachia uwanja.

KAZI ZAKE ZA BAADAYE

Mwaka 1930 alikuwa mkuu wa kuliya ya Adabu. Serikali ya Ismail Sidqi ilipotaka chuo kiwape wakubwa wa siasa udaktari wa heshima, alikataa, na mwezi wa Machi 1932 akaondolewa chuoni. Rais wa chuo, Ahmad Lutfi al-Sayyid, akajiuzulu kwa kuchukizwa na jambo hilo. Aliishi kwa kalamu yake mpaka aliporejeshwa. Hapa twaona kuwa shahada kwake ilikuwa amana. Mtu aliyeitafuta kwa miaka na kwa kiza hawezi kuona ikigawanywa kama sharubati ya karamu.

Mwaka 1942 akawa rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Iskandaria. Kuanzia Januari 1950 mpaka Januari 1952 alikuwa Waziri wa Elimu, na katika muda huo alifuta ada za skuli za sekondari. Alikuwa akiifananisha elimu na maji na hewa, kwa maana kuwa haifai kuuzwa. Yule mtoto aliyepofushwa na dawa ya kinyozi alikuwa akilipa deni la watoto wa vijijini.

Katika maandishi yake ya baadaye alirudi kwenye Uislamu wa mwanzo. Aliandika juu ya Sira mwaka 1933, kisha juu ya fitina kubwa ya zama za Sayyidna Uthman na Sayyidna Ali, sehemu ya kwanza mwaka 1947 na ya pili mwaka 1953, na mwaka 1960 juu ya Sayyidna Abubakar na Sayyidna Umar. Katika hizo utaona shaka yake imetulia: yuapima khabari, yuaikataa asiyoiona sawa, wala hadai kujua asichokijua. Mwaka 1955 alikwenda Hijazi, akaingia Makka na Madina. Tangu 1963 alikuwa rais wa Majmaa ya Lugha ya Kiarabu huko Kairo. Alifariki tarehe 28 Oktoba 1973, siku chache baada ya vita vya Oktoba kusimama. Mwenyezi Mungu amsamehe na amrehemu.

FUNZO LETU

Sasa tuwarejee mzee na kijana waliokuwa wakibishana.

Mzee twamwambia hivi: Taha Hussein hakupotezwa na elimu ya taarikhi. Alipokosea, alikosea kwa kuipita mipaka ya elimu hiyo, na waliomrudisha walikuwa wajuzi. Ukimzuia mwanao asisome, khabari za Waislamu hazitaacha kuandikwa. Zitaandikwa na wengine, na wewe utabaki kukasirika. Pwani yetu hii ina taarikhi yake ya karne za kati. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na akaeleza aliyoyaona. Magofu ya Gedi yapo karibu na Malindi, na aliyeyachimba na kuyaandika tangu mwaka 1948 ni Mwingereza, James Kirkman. Twamshukuru kwa kazi yake. Lakini nani anayefaa zaidi kuyasoma makaburi na misikiti ya kale na khati za Kiarabu zilizomo, kuliko kijana aliyesoma chuoni, aijuaye lugha na kibla?

Na kijana twamwambia hivi: usiudharau ubao wa chuoni. Lau si Qur'ani aliyoihifadhi, na Alfiyya, na darsa ya Sheikh al-Marsafi, Taha Hussein asingekuwa na cha kupeleka Paris. Walimu wa Sorbonne walimpa njia ya kuchunguza, ila mali ya kuchunguzwa alikwenda nayo kutoka kwao. Atakayekwenda mikono mitupu atarudi na rai za watu, azisemee kwa sauti yake adhani ni zake. Basi kabla ya kutafuta nafasi katika chuo kikuu, jiulize: je, naweza kukisoma kitabu cha asili kwa lugha yake? Je, najua sharti za kukubali khabari na za kuikataa? Kama huwezi bado, misikiti yetu haijafungwa, na masheikh wa kukusomesha wako. Huko kwetu ndiko pa kuanzia.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awatoe katika vijana wetu watu watakaoisoma taarikhi yetu kwa uaminifu na kwa adabu, wasimame na haki hata ikiwa juu yao wenyewe. Na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu.